Sauti Iliyopokea Simu

Sefrou, 16 Julai

Bouazza, mume wangu,

Jilali amefika na lori lake, anasema nimpe chupa tupu za asali na barua kama ipo, la sivyo anaondoka kuja huko kwenu. Nimemkalisha na chai na mkate, najua hataondoka mpaka sahani iwe nyeupe, kwa hiyo nina nafasi.

Kwanza, usinipigie simu kwa sasa. Unapanda kilima kizima kutafuta mtandao, na ukishaupata wafuga nyuki wote wamekuzunguka wanasubiri zamu zao, tunaishia kuulizana hali ya hewa. Tena koo langu linakwaruza, nadhani ni vumbi. Niandikie. Ulipokuwa jeshini uliniandikia, na ulikuwa na maneno matamu kuliko siku hizi.

Pili, nina habari ambayo ningekupa kabla hujaondoka, ila tulikuwa hatuongei vizuri. Tangu mwezi wa nne naenda kwa Daktari Ouafae, yule wa karibu na daraja. Hedhi yangu imekoma, huu mwaka wa pili, hilo unalijua. Lile joto linalonipanda kifuani nikiwa nimekaa tu nasuka vifungo vyangu vya hariri, usingizi unaokatika, hasira nisizojua zinakotoka, kumbe vyote vina dawa. Amenipa kibandiko cha homoni, kidogo kama stempu, nakibandika chini ya kitovu, na kidonge cha kumeza ninapokwenda kulala. Sasa nalala, Bouazza. Nilikuwa nimesahau ladha ya usingizi.

Ila kimeniponza hamamuni. Mbarka, yule anayetusugua tukioga, alinipitia na glavu yake, kibandiko kikabanduka, akakiinua juu watu wote wakione. "Lalla Batoul, umetoka dukani hukubandua bei?" Wanawake wakafa kwa kicheko. Mmoja akasema anakijua, mjomba wake alibandikwa hicho alipotaka kuacha sigara. Sasa mtaa mzima unaamini navuta sigara kwa siri.

Kuhusu wewe kuhamia chumba cha wageni tangu baridi ile, sikukufukuza mimi. Nataka ulijue hilo huko uliko.

Wako,
Batoul


Milima ya Ifni, 25 Julai

Batoul,

Barua imefika, na chupa pia, mbili zimevunjika. Mwambie Jilali awe anaweka majani makavu katikati.

Nimefurahi kusikia unalala. Lakini hiyo dawa ni salama? Mke wa kaka yangu anasema homoni huleta kansa. Muulize daktari, na akikujibu usinifiche.

Unasema hukunifukuza. Kila nilipokusogelea ulisema, "Joto." Mtu akiambiwa joto mwezi wa kwanza, na theluji imeujaza mlima mzima, anaelewa. Sikukasirika. Nilichukua blanketi langu nikaenda.

Daghmus, miiba yetu ya huku mlimani, inachanua vizuri mwaka huu ingawa mvua zilikuwa haba. Asali yake inaunguza koo kama inavyotakiwa. Nimekuwekea chupa ya kwanza, labda itakusaidia na hilo vumbi.

Salamu kwa binti yetu Nouhaila akipiga simu, na umwambie mtoto wake nitamletea sega zima.

Bouazza


Sefrou, 6 Agosti

Bouazza,

Nimemuuliza daktari, sikufichi. Alikuwa ameshanihoji tangu siku ya kwanza: mama aliugua nini, shangazi zangu walikufaje, akanipeleka nikapigwa picha ya matiti. Anasema hakuna jibu moja la wanawake wote, kila mmoja anapimwa kivyake, na kwangu mimi hatari ni ndogo kuliko faida. Mwambie shemeji yangu aliyesoma udaktari jikoni.

Na joto lilikuwa joto kweli. Ningeweza kulala juu ya theluji hiyo unayoisema.

Lakini umegusa jambo, na kwa kuwa sikuoni uso nitalisema. Si joto peke yake. Kulikuwa na kitu ndani yangu kilichozimika. Nilikuwa nakuona unavua viatu mlangoni, nasema moyoni huyu ni mtu wangu, nafurahi umerudi, kisha basi, hakuna kinachofuata. Mwili ulikuwa kimya. Niliona aibu kukuambia, maana ningekuambiaje bila wewe kudhani nimekuchoka? Nilikupenda vilevile. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma.

Kibandiko kimerudisha usingizi na hasira zimepungua, lakini hilo jingine hakikulirudisha. Kwa hiyo nimeanza kitu kingine. Nitakueleza ukija. Kinafanya kazi, Bouazza. Nina nguvu, nimeipaka chokaa dari yote peke yangu, vifungo nasuka mara mbili ya nilivyokuwa nasuka. Na juzi nilifungua sanduku kutafuta shuka nikakuta koti lako la zamani la nyuki, lina moshi na jasho lako. Nilikaa nalo sakafuni mpaka adhana ikanishtua. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu, amekumbatia koti.

Njoo mapema mwaka huu. Nakuomba.

Batoul

Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya sabuni, kwa hiyo usihangaike kupiga.


Milima ya Ifni, 15 Agosti

Batoul,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu, na mara nyingine nimeisomea ndani ya kofia ya nyuki yenye wavu ili wenzangu wasinione uso.

Nilidhani umenichoka. Miezi yote ile nilikuwa na hakika.

Ningependa kuja mapema, lakini daghmus bado imechanua sana, nyuki wanafanya kazi tangu jua linapotoka. Nikiiacha sasa nitakuwa nimeitupa asali ya mwaka mzima. Mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, nadhani. Tuvumilie.

Peleka simu kwa fundi.

Bouazza


Milima ya Ifni, 2 Septemba

Batoul,

Jana Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, nilipanda kilimani. Nilikuwa na hamu ya kukusikia, nikasema nijaribu, huenda fundi ameshaitengeneza.

Simu iliita. Akapokea mwanamume. Akasema, "Aloo." Nikasema, "Nani mwenzangu?" Nilimsikia anavuta pumzi. Kisha akasema, "Umekosea namba," akakata. Nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Sikukosea namba. Ni namba pekee ninayoijua kwa kichwa.

Nimeziweka barua zako mbele yangu nikazisoma upya. Usinipigie. Koo linakwaruza. Simu imeingia kwenye ndoo. Nimeanza kitu kingine, kinafanya kazi. Nilikuwa mjinga kusoma maneno hayo ndani ya kofia nikitabasamu.

Sitapiga kelele, unajua si tabia yangu. Sikumwambia Jilali wala mtu yeyote, na Nouhaila hatasikia kwangu. Mwili wako umeamka na mimi niko mbali, tena mimi ndiye niliyebeba blanketi nikaondoka. Sehemu yangu naikubali. Lakini nyumba ile nimeijenga kwa mikono yangu, na alfajiri ya Jumapili mwanamume ameshika simu ya mke wangu ndani yake.

Mwezi huu ukiisha nitahamia kwa kaka yangu Agadir pamoja na mizinga. Sefrou sirudi. Ukitaka kuniambia jina lake niambie, usipotaka ni juu yako.

Bouazza mwana wa Hammou


Sefrou, 8 Septemba

Bouazza,

Mwanamume huyo ni mimi.

Rudia kuisoma, sijakosea kuandika. Nilikuwa nimeamka saa ile ile, sijanywa hata maji, nikapokea bila kutazama nani anapiga nikidhani ni Nouhaila. Ukaniuliza, "Nani mwenzangu?" Miaka thelathini na moja tumeoana, ukaniuliza mimi nani mwenzako, na kwa heshima ile unayowapa wanaume usiowajua. Nikashindwa kusema ni mimi. Nikasema umekosea namba, nikazima simu, nikajifungia chooni nikalia.

Sasa nitakuambia kila kitu, na nilikuwa nikuambie mapema.

Daktari Ouafae alinieleza tangu mwezi wa tano kwamba hamu ikikataa kurudi hata baada ya kibandiko, ipo homoni nyingine ya kujaribu, testosteroni. Mimi nikamwambia hiyo si ni ya wanaume? Akasema wanawake tunayo tangu usichana, ila kidogo, na inapungua na umri. Dukani hapa hakuna iliyotengenezwa kwa ajili yetu, kwa hiyo hutumia jeli ya wanaume kwa kipimo kidogo sana, baada ya kupima damu. Akasema nisubiri majibu. Wewe ukaondoka mwanzo wa mwezi wa sita bila kunitazama vizuri, nami nikaona kusubiri ni kwa watu wenye muda.

Hniya, jirani yetu, dada yake humletea dawa za mumewe kutoka Lyon, jeli hiyo ikiwemo, na mumewe haitaki. Alinipa mfuko mzima hamamuni, ukiwa umefungwa ndani ya taulo. "Chukua dada, kwangu inakaa tu. Yule wangu anasema yeye bado ni simba." Akanishauri niipake siku za hamamu, nikishasuguliwa, kwa sababu ngozi ikishatolewa taka inakunywa vizuri, kama tunavyofanya na mafuta ya argan. Siku nyingine nilipaka pia. Pakiti nzima kila mara. Hakuna aliyenambia pakiti nzima ni ya nani.

Mwanzoni nilikuwa malkia. Yote niliyokuandikia kuhusu chokaa na koti ni kweli. Kisha zikaja chunusi mgongoni, kama za Nouhaila alipokuwa sekondari. Nywele kidevuni nikaziondoa kwa sukari na limau nikanyamaza. Koo likaanza kukwaruza, nikakwambia ni vumbi, na siku ile hata mimi niliamini ni vumbi. Lakini sauti ikaendelea kushuka, ndipo nikatunga ile ndoo ya sabuni. Mwezi wa nane aliolewa binti wa Hniya, bibi harusi alipoingia nikafungua kinywa kupiga vigelegele na wenzangu, kikatoka kitu kama punda aliyezibwa. Mbarka akageuka, "Nani kaingiza mwanamume kwa wanawake?" Walicheka, nami nikacheka nao, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Tangu siku hiyo vifungo nasuka peke yangu. Dukani nanyoosha kidole tu. Watu wanadhani nimeweka nadhiri ya kutosema.

Barua yako ilinitoa ndani. Jumatano nilimwendea daktari, nikamwekea pakiti mezani. Akanitazama, akatazama pakiti.

"Ulipaka kiasi gani?"

"Yote."

"Yote kwa siku?"

"Tena baada ya kusuguliwa."

Akavua miwani. "Mama, hiyo pakiti mwanamke anaigawa siku kumi. Yako wewe ni kama punje ya dengu. Na ngozi iliyotoka kusuguliwa umeiachia mlango na madirisha wazi." Majibu ya damu yalipokuja alisema nina testosteroni ya kijana anayetafuta ugomvi barabarani. Ameniachisha kabisa. Kibandiko na kidonge naendelea navyo. Baadaye, damu ikitulia, kama bado naitaka, ataanza kunipa ile punje, na atanipima kila mara.

Chunusi zitaondoka, na nywele zitapungua. Nikamuuliza kuhusu sauti. Akasema, "Sitakudanganya, Lalla Batoul. Inaweza kupanda kidogo. Yote huenda isirudi."

Basi hivi ndivyo nilivyo. Nilitaka kukurudia nikiwa mke wako kamili, na sasa nina hamu ya mume wangu na sauti ya mwanamume. Naogopa, Bouazza. Siogopi Mbarka wala mtaa. Naogopa utaingia nyumbani, nitasema karibu, nawe utarudi nyuma hatua moja, na hatua hiyo sitaweza kuisahau.

Kwa hiyo usije kabla hujaisikia. Alhamisi ya tarehe kumi na tisa, baada ya alasiri, panda kilimani. Nitapokea mwenyewe na nitasema. Ukiona huwezi, usijilazimishe kusema uongo mtamu, nyamaza tu. Nitasema mtandao ni mbaya, nitakata, na sitakulaumu.

Jambo la mwisho. Jilali, katika kula mkate wangu, ameniambia daghmus ya huko ilinyauka mwanzoni mwa mwezi wa nane. Sasa wewe unavuna nini?

Batoul


Fès, stendi ya mabasi, 21 Septemba

Batoul,

Barua hii simpi Jilali. Naileta mwenyewe na nitakukabidhi mkononi, kwa sababu mdomo wangu unaujua, utaharibu. Mizinga nimemwachia yeye na lori. Isome yote kabla ya kunifungulia au kunifungia.

Alhamisi nilipiga. Ulisema, "Bouazza, ni mimi. Zungumza nami." Nikanyamaza. Ulisubiri, nilikusikia unasubiri. Kisha ukasema mtandao ni mbaya, ukakata. Mtandao ulikuwa safi. Nilipopata akili ya kupiga tena ulikuwa umeshazima simu, na najua ulichokifikiri.

Nitakuambia kwa nini nilinyamaza. Nilimsikia baba yako, Mungu amrehemu. Yule aliyekuwa akinikalisha kwenye kigoda dukani kwake kila nilipokuja kukuposa, akiniuliza, "Na nyuki wakifa, binti yangu atakula masega?" Uliposema jina langu, ni yeye alinitaja, na ule mkato wake mwishoni. Nikasimama wima. Nikatupa sigara. Nikafunga kifungo cha shati. Nina miaka sitini na moja, niko peke yangu juu ya kilima, nangoja aniulize nina ng'ombe wangapi. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yaliniruka.

Baadaye nilikaa kwenye jiwe nikacheka mpaka nikakohoa. Kisha nikalia, nisikufiche. Mwanamume wa Jumapili nilikuwa nimemuua kichwani kila siku kwa namna mpya, kumbe alikuwa mke wangu, amejifungia chooni peke yake, anaogopa kuniambia ni yeye.

Sasa swali lako. Jilali amesema kweli, daghmus ilinyauka zamani. Nilipokuandikia imechanua, nyuki nilikuwa nawalisha maji ya sukari, kama mfugaji wa mara ya kwanza, ili tu nipate sababu ya kubaki. Wenzangu waliona. Walidhani nimegombana na wewe.

Sikugombana na wewe. Barua yako ya koti iliniogopesha. Uliandika kwamba kilichozimika kimewaka, kwamba nije mapema, nami nikaanza kujiuliza nakuja na nini. Ile baridi, Batoul, uliposema joto ukageuka upande wa pili, mimi nilishukuru kimoyomoyo. Muda mrefu mwili wangu nao ulikuwa haunitii. Nilichukua blanketi langu kama mtu aliyetukanwa, nikalala chumba cha wageni, na mchana nikakununia kwa kosa ambalo lilikuwa letu wote wawili. Ulikubali nikuachie mzigo wote. Ukaenda kwa daktari peke yako, ukapaka dawa ya wanaume peke yako, sauti ikaondoka, na mimi niko mlimani nawapa nyuki sukari.

Huyo daktari wa darajani, kama anatazama na wanaume, nipeleke. Kama hatazami, atamjua anayetazama. Tutakaa wote wawili kwenye benchi lake na atatucheka wote wawili. Na kama hakuna dawa ya kwangu, basi nitalala karibu yako hivyo hivyo, ukinitaka.

Nyuma sirudi hata hatua moja. Nimejipima nikiwa ndani ya basi, njia nzima, na nina hakika.

Ukisoma ukafika hapa, niko mbele yako na mkoba wangu. Usitafute kalamu. Nijibu kwa mdomo, kwa sauti hiyo hiyo uliyo nayo, hata kama jibu ni kunifukuza.

Bouazza